Umefilta, mzigo hauonekani? Angalia haya kabla hujasema mfumo umekula data

Kazi yangu ni kufuatilia mizigo, makontena yanayotoka bandari ya Dar kwenda kwa wateja mikoani, na maisha yetu yote yako kwenye jedwali moja la Google Sheets lenye mistari elfu nne na ushee. Zamani tulikuwa na Excel, tukahama ili watu sita tuingie kwa pamoja. Sasa kila wiki hapakosi mtu wa kuja na laptop mkononi anasema "kaka, jedwali limekula data". Halijawahi kula hata siku moja. Filta, yaani kichujio cha mistari, inaleta ulichoiomba, tatizo ni kwamba ulichoandika na ulichotaka ni vitu viwili. Nayaandika hapa yale tunayokutana nayo sisi, mengi yanahusu Excel vilevile, chini kabisa kuna machache ya mifumo ya tiketi na kazi.

"Jana ilikuwepo, leo haipo"

Usiguse kitu kwanza. Angalia namba za mistari pale kushoto. Zikienda 14, 15, 22, 31 ujue mistari ipo, imefichwa tu. Kwenye Excel zile namba zinageuka bluu filta ikiwa inafanya kazi, na chini kwenye ukingo wa dirisha inakuandikia imepata mistari mingapi kati ya mingapi. Zikienda moja moja bila kuruka basi filta haihusiki, tafuta kwingine.

Sababu ya kwanza kwenye Google Sheets ni mwenzako. Filta ya kawaida pale ni ya wote, dada wa uhasibu akifilta Mwanza ili afanye hesabu zake basi na wewe uliye chumba kingine unabaki na Mwanza tupu. Tulishawahi kumjibu mteja wa Mbeya kwamba kontena lake halipo kwetu kabisa, na kontena lilikuwa yadi, tena limekaa siku nne, kisa mtu alifilta akaenda kula. Dawa yake ni kutumia filter view, iko kwenye menyu ya Data, unatengeneza ya kwako unaipa jina na hakuna anayeathirika nayo, na ukiwa ndani yake utaona pembeni ya jedwali pamegeuka rangi ya giza ili usisahau. Hata mtu aliyepewa ruhusa ya kuangalia tu anaweza kujifungulia ya muda. Sisi tumeweka sheria, ukikutwa umefilta jedwali la wote unanunua soda.

Sababu ya pili ni mstari mtupu. Excel ukiiwashia filta bila kuchagua eneo, inahesabu data mpaka inapokutana na mstari mtupu kabisa, hapo inadhani jedwali limeisha. Vilivyo chini yake havifiltwi wala havisotiwi (havipangwi kwa mfuatano), vinabaki vinaning'inia tu. Futa mstari mtupu, zima filta uwashe tena kwa Ctrl+Shift+L, au bora zaidi ligeuze kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T, hapo ukiongeza mstari chini unaingia wenyewe.

Na kuna ile ya kinyume chake, umebadilisha mzigo kutoka haijalipwa kuwa imelipwa lakini bado unakukodolea macho kwenye orodha ya wasiolipa. Excel hairudii kufilta kila ukiandika, lazima uiambie, Ctrl+Alt+L.

"Nimefilta waliolipa imeleta nusu"

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote na sijaona mahali linaelezwa, nadhani kwa sababu wanaoandika maelekezo ya hizi programu lugha yao haina ngeli.

Kolamu yetu ya hali watu walikuwa wanajiandikia wenyewe. Sasa mmoja kichwani ana mzigo, anaandika Umelipwa. Mwingine anafikiria kontena, anaandika Limelipwa. Wa uhasibu yeye anaona ankara, Imelipwa. Makontena mawili kwenye mstari mmoja, Yamelipwa. Gari kuna wanaosema limelipwa na kuna wanaosema imelipwa na wote hawakubali kushindwa. Kiswahili chao wote ni safi kabisa, na ukifilta Imelipwa unapata ankara peke yake.

Nikasema basi nitumie ile filta ya "ina maneno haya" niandike lipwa, si zote zina lipwa? Zinayo. Ila na Haijalipwa nayo inayo. Na Haujalipwa. Nikatoa orodha nikaanza kuwapigia wateja kuwashukuru kwa malipo, wa tatu akacheka akaniambia "mdogo wangu mbona mimi hata sijapokea ankara". Nilitamani simu ikate.

Ukitaka kujiokoa haraka haraka kwa data ya zamani andika melipwa. Inashika Umelipwa, Limelipwa, Imelipwa, Yamelipwa, Zimelipwa, Vimelipwa, na inaziacha zote zenye -ja-. Haishiki Imeshalipwa, kwa hiyo tafuta na meshalipwa pembeni uone ziko ngapi.

Ukiamua kusafisha moja kwa moja kwa kutafuta na kubadilisha, kuwa makini sana hapa, Limelipwa ndani yake ina imelipwa. Nilibadilisha imelipwa kuwa Malipo tayari bila kuweka tiki kwenye ile sehemu ya kulinganisha seli (kisanduku) nzima, nikapata mistari mia mbili na kitu imeandikwa LMalipo tayari, ZMalipo tayari, VMalipo tayari. Weka tiki. Halafu anza na moja moja.

Baada ya hapo funga mlango. Menyu ya Data kuna sehemu ya kudhibiti kinachoingia kwenye seli, unaweka orodha ya kuchagua, mtu hawezi kujiandikia chake. Na kwenye orodha hiyo kimbia vitenzi, tumia majina: Malipo tayari, Malipo bado, Nyaraka pungufu. Weka na namba mbele, 01, 02, 03, kwa sababu ukisoti hali kwa alfabeti kwa Kiswahili hupati mpangilio wowote wa maana, karibu kila kitu kinaanzia na I au H. Anza na 01 siyo 1, maana ukifika hatua ya kumi, 10 itakwenda kukaa jirani na 1 badala ya kukaa baada ya 9.

Ukishamaliza hayo bado kuna tatizo la nafasi tupu kati ya herufi. Namba ya kontena kwa kawaida ni herufi nne na tarakimu saba, jumla 11, lakini kwenye nyaraka utaiona imeandikwa ABCU 123456 7, mwingine anaiandika ABCU1234567, mwingine ABCU-1234567. Kwako ni kontena moja, kwa mashine ni matatu. Andika =LEN(C14) pembeni, inahesabu herufi zilizomo kwenye seli, jibu likija 13 wakati ulitegemea 11 ujue kuna vitu vya ziada. TRIM inatoa nafasi za mbele na nyuma na zile zilizorudiwa katikati, nafasi moja moja ya katikati haitoi, kwa hiyo kwenye kontena tumia SUBSTITUTE, =SUBSTITUTE(C14," ",""). Ukiona umefanya hivyo na LEN bado inagoma, basi umenakili kutoka kwenye ukurasa wa mtandao na ile siyo nafasi ya kawaida, iondoe kwa =SUBSTITUTE(C14,CHAR(160),""). Hiyo ilinila mchana mzima mara ya kwanza kukutana nayo, maana kwa macho hakuna tofauti hata chembe.

"Nimesoti pesa, laki moja imekaa juu ya elfu mbili"

Ukiona 1, 10, 100, 2, 20 hizo siyo namba, ni maandishi yenye sura ya namba, na maandishi yanasotiwa herufi kwa herufi kama majina. Namba halisi bila kuguswa inakaa kulia kwenye seli, maandishi yanakaa kushoto. Excel inaweza kukuwekea na kapembe ka kijani juu ya seli. Huna uhakika? =ISNUMBER(F14), ikijibu TRUE ni namba, FALSE siyo.

Mchawi wetu sisi ni /=. Watu tumelelewa kuandika 1,500,000/= na mkono wenyewe ukimaliza sifuri unamalizia hapo, sasa ukishaweka hiyo alama seli siyo namba tena. Wengine wanaandika Tsh mbele, wengine "milioni 1.5", kuna mtu alikuwa anaandika herufi O badala ya sifuri sijui kwa nini. Kwenye Excel ukisoti kutoka ndogo kwenda kubwa namba halisi zinatangulia zote halafu maandishi yanafuata, kwa hiyo utaona jedwali limekatika vipande viwili, juu limepangika vizuri, chini kuna kijiji cha /=. Tafuta /= badilisha na pasipo na kitu, halafu kama bosi anataka kuiona hiyo alama iweke kwenye muonekano wa namba, siyo ndani ya seli.

Kuna namba ambazo lazima ziwe maandishi, na hapa watu wanakosea upande wa pili. Namba ya simu ikiingia kama namba inapoteza sifuri ya mbele. Kontrol namba ina tarakimu 12, na Excel ikiachiwa yenyewe namba ya tarakimu 12 inaionyesha kwa ufupi na herufi E katikati, mtu anaona 9.9E+11 anadhani imeharibika. Haijaharibika, badilisha muonekano itarudi. Ila zaidi ya tarakimu 15 kweli inaharibika, Excel inageuza zinazofuata kuwa sifuri na hazirudi tena. Kanuni yangu rahisi tu, kama huwezi kuijumlisha ifanye maandishi kabla hujabandika data, ukichelewa umechelewa.

"Tarehe zimechanganyikana"

Dalili ya hili ni ya pekee kabisa. Unasoti kwa tarehe, unakuta tarehe 13 kwenda juu zimejitenga chini kabisa kama zimefukuzwa, na zile za 1 mpaka 12 ziko juu lakini miezi yake haieleweki, mzigo wa Juni uko Mei.

Kinachotokea ni kwamba jedwali lako limewekwa mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia. Ukiandika 05/06/2024 wewe ni tarehe 5 Juni, lenyewe limesoma Mei 6 na likaridhika. Ukiandika 13/05/2024 linatafuta mwezi wa 13, halioni, linaiacha kama maandishi. Google Sheets unabadilisha kwenye Faili halafu Mipangilio, unachagua nchi ambayo siku inatangulia, kwa mfano Uingereza. Excel inafuata mipangilio ya kompyuta yenyewe.

Sikia hapa sasa maana ndipo watu wanaumia. Kubadilisha nchi hakurekebishi zilizokwishasomwa vibaya. Ile Mei 6 itabaki Mei 6, itaonekana tu 06/05/2024 na utazidi kuchanganyikiwa. Kama data ilitoka kwenye faili la benki au la mtandao wa simu, rudi kwenye faili la mwanzo, usilibofye mara mbili likafunguka lenyewe, liingize kupitia menyu ya Data na kwenye kolamu ya tarehe uiambie mpangilio ni siku, mwezi, mwaka. Kama faili la mwanzo halipo, chukua zile za 1 mpaka 12 uzigeuze kwa fomula, =DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2)), ila uwe na uhakika wote waliandika kwa mtindo mmoja. Ukiona tarehe imegeuka 45292 usipige kelele, hiyo ni 1 Januari 2024, ndani ya Excel tarehe ni hesabu ya siku kuanzia 1900, badilisha muonekano basi.

Kama kolamu yako ina majina ya miezi tupu, utapata Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Siku nazo zinaanza na Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili. Excel miezi ya Kiingereza inaweza kuipanga kwa mfuatano wake, ya kwetu lazima uiandikie orodha yako mwenyewe ndani ya mipangilio ndipo uichague wakati wa kusoti. Mimi sijihangaishi nayo, naweka tarehe kamili naionyesha kama mwezi.

Na saa! Gari limetoka saa 2, limefika saa 11. Dereva ametuma hivyo, kijana ameingiza 2:00 na 11:00, ukisoti gari lililoondoka saa mbili asubuhi linachanganyika na lililoondoka saa nane usiku kamili, ambalo kwa saa 24 ndilo hasa 2:00, kwa hiyo yanakuwa sawa. Hakuna filta itakayokuokoa hapo. Kabla ya kuingiza, za mchana ongeza sita, za usiku saa moja mpaka saa tano ongeza kumi na nane, saa sita usiku mpaka kumi na mbili alfajiri punguza sita, na kichwa cha kolamu kiandike wazi kwamba ni saa 24.

"Nimesoti, kila mteja kapewa kontena la mwenzake"

Hii ndiyo ya kukimbia nayo. Ulichagua kolamu moja ukaisoti, ikasogea peke yake na nyingine zikabaki. Excel huwa inakuuliza kama upanue uchaguzi, watu wanabofya haraka kuendelea na walichochagua. Ctrl+Z (kurudi hatua moja nyuma) sasa hivi, usihifadhi, usifunge. Google Sheets ina historia ya matoleo, unarudi mpaka saa ya kabla ya maafa hata kama ni juzi. Kama ni Excel kwenye kompyuta, umehifadhi na umefunga, na huna nakala, basi kaeni chini na makaratasi. Tulikaa siku mbili.

Tangu hapo kolamu A ni namba ya mstari, 1 mpaka mwisho, imeandikwa kama namba na siyo fomula. Ukiharibu mpangilio kwa kusoti jedwali zima unasoti tu kwa A unarudi ulipokuwa. Haisaidii kama umesoti kolamu moja, lakini inasaidia kugundua.

Seli zilizounganishwa pia, yule aliyeunganisha jina la mteja likae katikati ya mistari mitano ili lipendeze. Excel itakataa kusoti. Tenganisha, jaza jina kila mstari, urembo fanyia kwenye ripoti.

"Jumla haifanani na ninachokiona"

SUM inajumlisha na vilivyofichwa na filta. Tumia =SUBTOTAL(109,F2:F4000), hiyo inahesabu vinavyoonekana tu. 9 nayo inaruka vilivyofiltwa, tofauti ni kwamba 109 inaruka na mistari uliyoificha kwa mkono.

Kubandika nako kuna mtego na hauna kelele yoyote. Umefilta umebaki na mistari mitano inayoonekana, umenakili thamani tano kutoka kwingine ukabandika. Kwenye Excel zinaingia mistari mitano inayofuatana, pamoja na ile iliyofichwa, kwa hiyo moja imekaa pake na nne zimefunika data ya watu usiowaona. Utakuja kuijua mwezi ujao. Ondoa filta, soti ili mistari unayoitaka ikae pamoja, ndipo ubandike. Wakati wa kunakili au kufuta, Alt+; inachagua vinavyoonekana peke yake.

Kwa wanaotumia mifumo ya tiketi na kazi

Hapa nitapita haraka. Orodha tupu kabisa mara nyingi ni "na" iliyowekwa mahali pa "au". Mji ni Arusha na mji ni Moshi, hakuna mzigo wa namna hiyo duniani, ulitaka au.

"Siyo" nayo ina ujanja wake. Kwenye Jira, mfumo wa kufuatilia kazi na tiketi, ukiomba kazi ambazo mhusika siyo fulani, zile ambazo hazijapewa mtu yeyote hazitokei kabisa, lazima uongeze "au mhusika ni tupu". Ndivyo tiketi zinavyolala wiki mbili kila mtu akidhani ziko kwa mwenzake.

Kuna mifumo ya kwenye mtandao ambayo ukibofya kichwa cha kolamu inasoti ukurasa ulio mbele yako tu, mistari 50, siyo yote. Jaribu hivi: soti kubwa kwenda ndogo, nenda ukurasa wa pili, ukikuta humo kuna namba kubwa kuliko ya kwanza basi umedanganywa, ongeza idadi ya mistari kwa ukurasa au filta kwanza ndipo usoti.

Ya mwisho ni ya wale wa zamu ya usiku. Filta ya "leo" kwenye mfumo unaohesabu kwa saa za GMT inaanza leo yake saa tisa usiku ya kwetu, sisi tuko mbele masaa matatu. Magari yote yaliyotoka geti kati ya saa sita usiku na saa tisa yanaonekana ni ya jana, na asubuhi mlinzi anaonyesha daftari lina magari saba mfumo una manne. Mwambie mwenye mamlaka ya mfumo aweke majira ya Nairobi au Dar, na mpaka afanye hivyo filta "jana na leo" kwa pamoja halafu soti kwa saa.